RUFAIDA AL-ASLAMIYYA (R.A): MUUGUZI ALIYEFUNZA WENZAKE



Ndugu msomaji, Ramadhan ikifika tarehe 17 sote twakumbuka Vita vya Badr. Madrasa hufanya hafla, masheikh husimulia, na watoto hushindana kujibu maswali. Ukimuuliza mtoto Waislamu walikuwa wangapi siku ile, atakwambia 313 bila hata kufikiri. Sasa hebu muulize na hili: ni swahaba gani aliyehesabiwa kuwa mtu wa Badr, akapewa fungu lake la ngawira na akaahidiwa thawabu zake, ilhali siku hiyo alikuwa Madina?

Mmoja wao ni Sayyidna Uthman bin Affan (R.A). Mkewe, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W), alikuwa mgonjwa sana, na Mtume akamwamuru abaki amuuguze. Uthman akabaki. Wenzake walipokuwa wakipigana mwaka ule wa 2 Hijria (624), yeye alikuwa nyumbani kando ya kitanda. Na hakufanikiwa, kwa hesabu zetu sisi, kwani mjumbe alipoingia Madina na habari za ushindi aliwakuta watu wanafukia kaburi la Bibi Ruqayya. Mgonjwa alikufa, lakini fungu la muuguzi halikupunguzwa hata chembe.

Nimeanza huko kwa sababu wengi wetu, na mimi nimo, kazi ya kuuguza twaiona ndogo. Kijana akiitwa aje amgeuze babu yake kitandani, papo hapo simu yake yalia, ana dharura. Kumwosha mgonjwa, kumbadilisha nguo, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, hayo twawaachia mama zetu na dada zetu. Na hao nao nani aliwafunza? Hakuna. Kila mmoja abahatisha. Basi leo nataka tukae kidogo na mwanamke ambaye hakutaka watu wabahatishe.

Jina lake ni Rufaida bint Sa'd, wa kabila la Banu Aslam, ndiyo maana akaitwa al-Aslamiyya. Ukifungua vitabu vya zamani utakuta pengine wamemwandika Ku'ayba bint Sa'd, na wanavyuoni wakatofautiana: wako waliosema ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na wako waliosema ni ndugu wawili. Usitishike na hilo. Habari zenyewe zinafanana: mwanamke wa Aslam, aliyempa Mtume (S.A.W) bay'a baada ya Hijra, aliyekuwa na hema lake msikitini Madina akitibu wagonjwa na majeruhi.

Husimuliwa kwamba baba yake alikuwa tabibu, na kwake ndiko alikoanza. Nawe unajua mtoto anavyojifunza kazi ya mzazi. Hakai darasani. Hutumwa maji, hushikilia taa, huambiwa shika hapa, usilegeze, mpaka siku moja mzazi ana shughuli nyingine na yeye anajikuta anafanya peke yake. Tiba ya zama zile ilikuwa ni asali na mitishamba, kupiga chuku, kufunga majeraha, na pale damu ilipokataa kusimama, kuchoma kwa chuma cha moto. Haya yote ni mambo ya mkono na jicho. Huwezi kuyahifadhi kwa kusikiliza tu kama vile mtu anavyohifadhi shairi.

Mtume (S.A.W) alipohamia Madina, Rufaida alikuwa miongoni mwa waliosilimu na kumpa mkono. Tabibu mwenye ujuzi wake angeweza kukaa kwake akangoja watu wamjie na malipo. Yeye alifanya kinyume. Wapokezi wa sira wamemweleza kuwa ni mwanamke aliyejitolea nafsi yake, akitaraji malipo kwa Mwenyezi Mungu (S.W.T), kuwahudumia wale Waislamu waliopatwa na shida wakawa hawana wa kuwaangalia. Tia akilini hapo pa kukosa wa kuwaangalia. Muhajirina walikuwa wameacha jamaa zao Makka. Mtu akishikwa na homa, hana mama wa kumkanda wala shangazi wa kumpikia. Mwenye ndugu aliuguzwa na nduguze. Asiyekuwa na mtu, hema la Rufaida ndilo lilikuwa kwao.

Na hema lenyewe lilikuwa wapi? Msikitini. Msikiti wa Mtume (S.A.W) wakati ule ulikuwa wa matofali ya udongo na nguzo za magogo ya mitende, na ndani ya eneo lake kulikuwa na hema la mwanamke anayefunga vidonda. Sijui kwetu ingekuwaje. Nahisi mtu akija leo na ombi la kuweka hema la wagonjwa katika uwanja wa msikiti, kamati itakaa vikao vitatu, na cha nne kitaahirishwa.

Tuje kwenye Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627). Maquraishi na washirika wao walikuja kama watu 10,000, na Waislamu wakiwa kama 3,000 nyuma ya handaki walilolichimba kwa mikono yao. Siku zilipita nyingi, baridi na njaa, na kazi kubwa ilikuwa ni kurushiana mishale ng'ambo hii na ile. Waliouawa upande wa Waislamu walikuwa wachache, wakihesabika kwa vidole. Lakini mmoja wa waliojeruhiwa alikuwa Sa'd bin Mu'adh (R.A), mkuu wa Aus, kijana wa miaka 37 hivi, ambaye kusilimu kwake kulivuta jamaa zake wote wa Banu Abdul-Ash-hal kuingia katika dini.

Mshale ulimpata kwenye mshipa mkubwa wa mkono. Jeraha la namna hiyo hata leo, na gari la wagonjwa likiwa mlangoni, ni mtihani. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W) mwenyewe alimchoma mshipa huo kwa chuma ili damu isimame. Mkono ukavimba. Akamchoma mara ya pili. Kisha Mtume akaagiza Sa'd awekwe katika hema la Rufaida pale msikitini, ili awe karibu naye aweze kumzuru.

Hapa ndipo napenda tusimame, ndugu msomaji. Aus hawakukosa nyumba za kumlaza mkubwa wao. Walikuwa na wake, na dada, na mama yake Sa'd alikuwa hai. Lakini mgonjwa mzito kuliko wote alipelekwa kwa mwenye ujuzi. Na Mtume (S.A.W) akawa akipita asubuhi anauliza ameamkaje, akipita jioni anauliza ameshindaje, na Sa'd humjibu hali yake. Ukienda wodini leo utaona jambo hilo hilo likifanywa: wauguzi wa zamu ya usiku hawaondoki mpaka wamewaeleza wa asubuhi kila mgonjwa amelalaje. Anayeanza kazi huona ni maneno mengi ya bure, mpaka siku atakapomkuta mgonjwa amebadilika na hakuna anayejua amebadilika tangu saa ngapi.

Sasa, mtu mmoja hawezi kulisimamia hema la majeruhi wakati wa mazingira ya wiki kadhaa. Mmoja atachota maji saa ngapi, afue vitambaa saa ngapi, akeshe na mgonjwa wa homa saa ngapi, na yeye pia alale? Husimuliwa kwamba Rufaida alikusanya wanawake na wasichana wa Madina akawafunza kazi hii, na vita vilipokwisha hakulikunja hema akaenda zake. Aliendelea kuwahudumia wagonjwa maskini, mayatima na wasiojiweza wakati wa amani. Na hapa ndipo mafunzo ya kweli hupatikana, kwani vitani hakuna wakati wa kumweleza mtu. Vitani unafanya lile ambalo mkono wako tayari umelizoea.

Nini walichofunzwa? Tuangalie wanawake wa zama zile walivyofanya, tutapata picha. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Mtume (S.A.W) alijeruhiwa usoni. Bibi Fatima (R.A) akawa anaosha damu, na Sayyidna Ali (R.A) anamiminia maji kwa ngao. Fatima alipoona maji hayasaidii, damu ndiyo inazidi, aliacha kuosha. Akachukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa jivu, akalibandika jivu lile juu ya jeraha, na damu ikasimama. Angalia alivyofikiri. Alianza na usafi, akatazama matokeo, akaona njia hii haifai, akabadilisha. Hakushikilia maji kwa sababu tu ndiyo aliyoanza nayo. (Wewe leo usichome mkeka wa mama. Shindilia kwa kitambaa safi, usiachie, na mtu akimbilie hospitali.)

Tena yuko Ummu Atiyya (R.A), aliyetoka na Mtume (S.A.W) katika vita saba. Alikuwa akibaki nyuma kwenye mizigo, akiwapikia watu, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Na Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A), yeye na wenzake waliwanywesha watu maji, wakawatibu, wakawabeba waliouawa na waliojeruhiwa kuwarudisha Madina. Umeona mpango wa kazi? Kuna moto na chungu, kuna maji, kuna kubeba, kuna kukesha, kuna kufunga jeraha. Mgeni wa kazi hapewi jeraha siku ya kwanza. Hupewa maji. Akinywesha maji watu ishirini anajifunza kumwinua mtu kichwa bila kumuumiza, anajifunza kumtambua anayemeza na asiyeweza kumeza, anajifunza kutokimbia akiona damu. Hayo akiyajua, ndipo anasogezwa karibu na mwenye kufunga kidonda, ashike mwisho wa kitambaa.

Muuguzi yeyote wa zamani atakwambia kwamba mwanafunzi si wa kuogopewa akiwa hajui. Wa kuogopewa ni yule asiyejua na anaona haya kuuliza. Chukua jambo dogo tu kama kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Nyumbani twadhani tunamhurumia tukimwacha alale ametulia. Kumbe pale anapolalia, nyonga, visigino na mgongo, damu haipiti vizuri, ngozi inakufa, na kidonda kikichimba huchukua miezi kupona. Nesi atakufundisha umgeuze kila baada ya saa mbili hivi, uikague ngozi kama ina wekundu, usimburute kwa shuka bali umwinue. Ni dakika kumi za kuonyeshwa. Lakini lazima uonyeshwe, kisha ufanye yeye akiangalia, akurekebishe mikono. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wa kupita nyumba kwa nyumba na mikoba yao ya vipimo. Wengi ni watu wa mtaani, jirani yako pengine, na nguvu ya kazi yao iko katika kile kamba kinachowaunganisha na wauguzi wa kituo cha afya. Kamba ikikatika, mkoba ni mkoba tu.

Turudi kwa Sa'd. Maadui waliondoka, mazingira yakaisha, na Sa'd akaitwa kwenda kutoa hukumu juu ya Banu Quraydha. Alitolewa hemani akapandishwa punda aliyetandikwa mto wa ngozi, watu wake wakimshikilia kwani alikuwa mtu wa mwili mkubwa na jeraha lilikuwa halijapona. Kisha akarudi kwa Rufaida. Kidonda kikaonekana kinaelekea kufunga. Naamini katika hema lile kuna msichana aliyeanza kupata matumaini, kama wanavyopata wanafunzi wote mgonjwa wao wa kwanza akianza kula.

Halafu usiku mmoja mshipa ukafunguka. Pale msikitini kulikuwa na hema lingine la watu wa Banu Ghifar, na wao hawakujua lolote mpaka walipoiona damu inatiririka kuja upande wao. Wakaita wakiuliza ni nini hiki kinachotoka kwenu. Ilikuwa ni damu ya Sa'd. Akafa kwa jeraha lile, Allah amrehemu, na imepokewa kuwa Arshi ya Mwingi wa Rehema ilitikisika kwa kifo chake.

Jaribu kuwafikiria walioamka asubuhi ile hemani. Wiki nzima nzima za maji, vitambaa, kukesha. Mtume (S.A.W) mwenyewe akiuliza asubuhi na jioni. Na mgonjwa ameondoka mikononi mwao. Wauguzi wengi wachanga huacha kazi hapa. Hakuna kitabu kilichoniambia Rufaida aliwaambia nini wanawake wake, nami sitamtilia maneno kinywani. Lakini alichofanya kinajulikana: hema halikufungwa. Hakuna aliyemlaumu, na Mtume (S.A.W) hakutafuta tabibu mwingine wa kuchukua mahali pake. Baadaye jeshi lilipojitayarisha kwa Khaybar, alikuwemo safarini.

Watu wengi mashuleni wamefundishwa kuwa uuguzi ulianza na Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza. Tusimdhulumu, alifanya kazi kubwa. Aliwahudumia askari majeruhi Istanbul, katika kambi ya jeshi ya Waturuki, kuanzia mwaka 1854, na mwaka 1860 shule ya kufunza wauguzi iliyobeba jina lake ikafunguliwa London katika hospitali ya St Thomas'. Ila tukumbuke kwamba kati ya shule ile na hema la Madina kuna zaidi ya miaka 1,200. Huko Bahrain, chuo kikuu cha tiba cha RCSI hutoa tuzo kwa mwanafunzi wa uuguzi, na tuzo hiyo wameiita kwa jina la Rufaida al-Aslamiyya. Ni jambo la kufurahisha, ingawa ningefurahi zaidi kama mabinti zetu wa madrasa wangemjua kabla ya kufika chuoni.

Khaybar ilikuwa mwaka wa 7 Hijria (628). Wanawake walimjia Mtume (S.A.W) wakiomba ruhusa ya kutoka pamoja naye, wawatibu majeruhi na wasaidie kwa wanaloliweza. Akawaruhusu kwa baraka ya Mwenyezi Mungu. Rufaida alihudhuria, na imesimuliwa kwamba baada ya ushindi Mtume alimpa fungu kama la mwanamume aliyepigana. Utakuwa umekumbuka fungu la Uthman.

Lakini katika msafara ule kulikuwa na mwingine, na yeye ndiye ninayempenda katika kisa hiki chote. Ni msichana wa Banu Ghifar, kabila lile lile la hema la jirani pale msikitini. Alikuwa mdogo, hajabaleghe, na alikwenda na wanawake wa kwao kwenda kuhudumia majeruhi. Mwanagenzi hasa, wa kupewa maji kwanza. Kwa udogo wake Mtume (S.A.W) alimpakia nyuma yake juu ya mfuko wa mizigo wa mnyama wake.

Wakasafiri usiku. Asubuhi walipoteremka, msichana akaona damu kwenye mfuko. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Akanywea, akajibanza kwa ngamia kwa haya. Dada yangu msomaji, huhitaji kuelezwa alivyojisikia. Mtume (S.A.W) alipomwona hali yake na ile damu, alielewa. Hakumfokea, hakumtangaza, wala hakumrudisha nyumbani. Alimwelekeza tu, kama mtu anavyomwelekeza mwanafunzi: achukue chombo cha maji, atie chumvi ndani yake, aoshe damu iliyoingia kwenye mfuko, kisha arudi kwenye kipando chake. Akafanya hivyo, akapanda, safari ikaendelea.

Khaybar ilipofunguliwa, wanawake walipewa zawadi katika ngawira. Yule msichana akapewa mkufu, na Mtume (S.A.W) akamvisha shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Alikua, akawa mtu mzima, akawa bibi kizee, na mkufu ule hakuuvua hata siku moja. Kila alipojitwaharisha alitia chumvi kwenye maji yake. Na alipokaribia kufa aliusia mambo mawili: maji ya kumwoshea yatiwe chumvi, na mkufu uachwe shingoni mwake azikwe nao.